Nyani wa mjomba hawaugui gauti

Simu ya saa nane usiku kutoka Muheza huwa ni ya msiba. Nilipoona jina la mjomba kwenye kioo nilikaa kitako kwanza, nikavuta pumzi, ndipo nikapokea. Kumbe ni yeye mwenyewe, mzima, ila sauti imemkauka.

"Mjomba," akaniita. Sisi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba. "Kidole kinawaka moto."

Kidole gumba cha mguu wa kushoto. Alilala salama, akashtuka usiku kimevimba kama nyanya iliyoiva. Shuka likikigusa anapiga ukelele. Mkewe alikuwa ameshamweka mguu kwenye maji ya chumvi, ameshapaka mafuta ya nazi, ameshasoma dua, na sasa anauliza kama huyu mtu hakukanyaga kitu cha watu huko arusini alikotoka.

Kesho yake zahanati wakampima, wakakuta asidi ya yuriki iko juu. Gauti. Akapewa vidonge na orodha ya vitu vya kuviaga: maini, figo, utumbo, dagaa, na nyama nyekundu iwe ya kuhesabu. Pombe hanywi, kwa hiyo hapo hakuwa na cha kuacha. Hilo lilimuuma zaidi, maana jirani yake anayekunywa kila jioni hajambo kabisa.

Wiki iliyofuata nikaenda kumjulia hali. Tumekaa barazani, mguu wake juu ya kigoda, kahawa inapoa. Kundi la nyani likatokea upande wa mtoni, likaingia shambani kwake bila haraka, kama watu waliokuja kuvuna cha kwao.

Mjomba akawatazama muda mrefu.

"Hawa wanakula mahindi yangu. Wanakula panzi. Wanakula vifaranga vya watu. Mbona hawashikwi na gauti?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jibu nililompa wakati ule lilikuwa la kubabaisha, na nilijua hivyo wakati linatoka mdomoni. Swali nikarudi nalo Tanga, nikalala nalo, nikaamka nalo wiki tatu.

## Jibu la kwanza

Nyani wana kitu ambacho sisi tulikipoteza.

Seli zinapokufa na chakula kinapovunjwa, mwili hubaki na vitu viitwavyo purini. Purini huishia kuwa asidi ya yuriki. Kwa mamalia wengi safari haiishii hapo: ini lina kimeng'enya kiitwacho yurikezi, ambacho huichukua asidi hiyo na kuianzishia njia ya kuwa alantoini, kitu kinachoyeyuka vizuri na kutoka na mkojo. Ng'ombe anacho, panya anacho, nyani anacho. Sisi hatuna. Asidi yetu inabaki ikizunguka kwenye damu, mara tatu hadi kumi ya ile ya mamalia wengine, na ikizidi inajenga fuwele zenye ncha kama sindano. Fuwele hizo hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi. Kidole gumba cha mguu mara nyingi ndicho kituo chake cha kwanza.

Lakini jeni ya yurikezi, yaani maagizo ya kuitengeneza yaliyoandikwa kwenye DNA, tunayo. Iko palepale, kwenye kromosomu namba 1. Inasomeka. Ukiiweka kando ya ile ya nyani unaona ni ndugu, mstari kwa mstari, mpaka ufike kwenye kodoni ya 33, yaani kundi la 33 la herufi tatu tatu. Mahali ambapo wengine wana herufi CGA, yaani "ongeza kipande kingine", sisi tuna TGA, yaani "simama". Protini ya vipande zaidi ya 300 inakatizwa kabla hata haijafika cha 40.

Herufi moja.

Na kosa hilohilo, kwenye kodoni hiyohiyo, wanalo sokwe mtu, gorila na orangutani, sokwe wa Asia. Giboni, sokwe mdogo wa huko huko Asia, naye yurikezi yake imekufa, ila kwa jeraha jingine.

Nikamtumia mjomba ujumbe wa sauti wa dakika nne. Akanijibu kwa sekunde kumi: "Kwa hiyo nyani wako sawa, sisi ndio wabovu. Sasa ilikufa lini, na nani aliiua?"

## Kuhusu jina

Jeni zilizokufa namna hii zilipata jina mwaka 1977. Jacq, Miller na Brownlee walikuwa wanasoma DNA ya chura wa Afrika mwenye makucha, wakakuta karibu na jeni moja kuna nakala yake iliyopungua, inayofanana nayo lakini haionekani kufanya kazi. Wakaiita pseudogene, kwa kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya uongo.

Kwa Kiswahili nimekutana na "jeni bandia". Silipendi. Bandia ni noti iliyochapishwa ili ikulaghai dukani. Hizi hazikutengenezwa zimlaghai mtu. Nyingine zilifanya kazi mamilioni ya miaka, zikaacha.

Sisi wa pwani tunalo neno tayari: gofu.

Kutoka Tanga mjini ukishika barabara ya Pangani utafika Tongoni. Kuna msikiti hauna paa, umezungukwa na makaburi, mengine yenye nguzo. Tulipelekwa pale na shule. Mwalimu hakuhitaji kutuambia kwamba ule ulikuwa msikiti, kwa sababu kibla ilikuwa bado inaonekana ukutani, na kila mmoja wetu alijua watu walikuwa wanasimama wapi wakielekea wapi. Ile ni jengo lililoacha kazi, umbo lake likabaki. Hakuna mtu wa Tongoni anayeuita msikiti bandia.

Kwa hiyo humu ndani nitasema magofu.

## Magofu ni mengi kuliko nilivyodhani

Nilidhani yurikezi ni kisa cha pekee, kama kidole cha sita. Nikahesabu upya. Jenomu yetu, yaani DNA yetu yote, ina jeni za protini kama 20,000. Magofu yaliyoorodheshwa ni zaidi ya 14,000.

Hapo nilifunga kompyuta nikaenda kutembea.

Gofu la yurikezi kwa kweli ni la aina adimu: jeni ilikuwa moja, ikafa, hakuna mbadala. Mengi ni nakala. Zinapatikana kwa njia mbili, na hizo njia hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni kipande cha DNA kurudufiwa kizima wakati kromosomu mbili zinabadilishana sehemu bila kulingana vizuri. Mmoja anaondoka na viwili, mwingine anaondoka mtupu. Sasa una jeni mbili za kazi moja. Ikiharibika moja, nyingine inaendelea, mwenye mwili hajui. Jeni za kunusa ndizo zilizocheza mchezo huu kuliko zote. Linda Buck na Richard Axel walizieleza mwaka 1991, na Nobeli wakaipata 2004. Binadamu ana kama 400 zilizo hai, na idadi inayokaribia hiyo ya magofu. Tembo wa Afrika ana karibu 2,000 zilizo hai. Mjomba anasema hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu wa maabara, tembo hunusa maji yaliyo mbali.

Njia ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Jeni inapotumika, seli huitolea nakala ya RNA. Nakala hiyo husafishwa kwanza: vipande vya katikati visivyotakiwa, yaani introni, hukatwa, na mwishoni hufungwa mkia wa herufi A nyingi mfululizo. Kisha inapelekwa ikatumike kutengeneza protini, baadaye inavunjwa. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini ndani ya jenomu yetu kuna vipande vinavyoitwa LINE-1, ambavyo vinajirudufu kwa kugeuza RNA yao kuwa DNA tena na kujichomeka mahali pengine. Vimejaza kama asilimia 17 ya jenomu nzima. Mashine yao ni ya kwao, ila haina macho makali: mara mojamoja inaokota RNA ya jirani yenye mkia wa A, inaigeuza kuwa DNA, inaichomeka popote.

Nakala ya namna hii inazaliwa maiti. Haina introni, ina mkia wa A uliogandishwa ndani ya DNA, na, kubwa zaidi, haikuja na swichi ya kuiwasha, kwa sababu swichi ilibaki nyumbani kwa jeni ya asili. Jeni ya saitokromu c, protini inayosaidia seli kupata nishati, tunayo moja inayofanya kazi mwilini mote. Magofu yake ni 49. Jeni za protini za ribosomu, viwanda vya seli vya kutengeneza protini, ni kama 80. Magofu yake yanafika 2,000.

Kwa nini hizo, na siyo za hemoglobini, wakati damu imejaa hemoglobini? Jibu lilinifurahisha kwa sababu ni la kawaida kabisa. Gofu linarithiwa pale tu linapoingia kwenye seli zitakazokuwa yai au mbegu. Huko hemoglobini haitengenezwi, lakini ribosomu lazima ziwepo. Anayepita mlangoni kila siku ndiye anayeacha nyayo.

Kuku ana magofu machache sana ya namna hii, maana vipande vyake vinavyojirudufu haviokoti RNA za jirani. Huu uchafu wa nyumba ni wa mamalia hasa.

## Lilikufa lini?

Swali la mjomba lilikuwa bado linanidai.

Jeni iliyo hai inachungwa. Herufi ya tatu ya kodoni mara nyingi inaweza kubadilika bila protini kubadilika, kwa hiyo mabadiliko hujilundika pale, na herufi ya kwanza na ya pili hubaki salama. Jeni ikifa uchungaji unakoma. Herufi zote tatu zinaanza kuoza kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana mwaka 1981 Li, Gojobori na Nei waliyatumia magofu kupima mwendo wa mabadiliko ya DNA pale ambapo hakuna kinachoyazuia. Walioamini pamoja na Kimura, mtaalamu wa jenetiki wa Japani, kwamba mabadiliko mengi hayana faida wala hasara walipata humo ushahidi wa kushika mkononi.

Kwa yurikezi kuna njia rahisi zaidi, ya nani anashirikiana na nani. Orangutani tunalo kosa moja naye, giboni hatuna. Basi jeni iliumia baada ya giboni kujitenga na kabla ya orangutani kujitenga. Hesabu inaangukia miaka kama milioni 15 iliyopita.

Na nyani? Wao walishaondoka zamani. Mwaka 2013 watafiti walitangaza mabaki mawili kutoka bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi hii hii, yenye umri wa miaka milioni 25. Moja ni taya la Rukwapithecus, wa upande wa sokwe na sisi. Jingine ni kipande cha taya chenye jino moja, la Nsungwepithecus, wa upande wa nyani na tumbili. Koo mbili, zimeshaachana, zimezikwa bonde moja.

Nikampigia mjomba: mgawanyo wa mirathi ulishafanyika kabla ya hasara. Nyani walichukua fungu lao likiwa zima.

"Na sisi tukachezea letu," akasema.

## Panya waliokufa

Hapo ningeweza kumaliza makala. Nilikuwa nimeshaandika aya ya mwisho, nzuri, yenye msikiti wa Tongoni ndani yake.

Ndipo nikasoma kuhusu panya wa 1994.

Watafiti waliiharibu jeni ya yurikezi kwa panya ili waone kitatokea nini. Zaidi ya nusu ya wale panya walikufa kabla hawajatimiza wiki nne, figo zikiwa zimezibwa na fuwele. Siyo kidole kuvimba. Kufa.

Nikajiuliza: kama kupoteza yurikezi kunaua namna hii, yule babu yetu wa kwanza aliyezaliwa nayo imekatika alipona vipi? Na wajukuu zake wakaenea vipi mpaka asibaki hata mmoja mwenye jeni nzima? Picha yangu ya herufi moja iliyobadilika siku moja ikaua jeni ilikuwa haisimami tena. Aya yangu nzuri nikaifuta.

Jibu bora nililolipata lilichapishwa 2014. Kundi la watafiti Marekani lilikadiria mfuatano wa yurikezi za mababu wa kale, likazitengeneza upya maabara, likazipima moja baada ya nyingine. Kadiri walivyosogea kutoka mamalia wa kale kuja kwa sokwe, ndivyo nguvu ya kimeng'enya ilivyokuwa inapungua. Hatua kwa hatua, kwa mamilioni ya miaka. Kodoni ya 33 ilipogeuka kuwa "simama", kazi ilikuwa imeshalegea mno, na miili ilikuwa imeshazoea kuishi na asidi nyingi.

Msikiti haukuwa gofu siku paa lilipoanguka. Watu walikuwa wameshaacha kuusali zamani.

Kwa nini walihama, yaani kwa nini yurikezi ililegea, hapo wataalamu wanagombana. Wapo wanaosema asidi ya yuriki ilitusaidia kuhifadhi mafuta kutokana na sukari ya matunda wakati misitu ilipokuwa inapungua. Wapo wanaosema ilichukua nafasi ya vitamini C, ambayo nayo hatuitengenezi, kwa sababu jeni yake, GULO, ni gofu jingine (komba anayelia usiku kwenye mnazi bado anaitengeneza yake). Wapo wanaosema haikuwa na faida yoyote, ilitokea tu. Mimi naegemea kwa hawa wa mwisho, bila kiapo. Hadithi za faida ni tamu mno, na kila hadithi inayomfanya mgonjwa aonekane mshindi huwa naitilia shaka.

## Utamu wa "hakuna takataka"

Shaka hiyo niliipata kwa gharama.

Nilipoanza kusoma mambo haya miaka ya nyuma niliishika habari moja nikaitangaza kila mahali. Mwaka 2003 kundi la watafiti lilieleza kwamba gofu moja la panya, la jeni iitwayo Makorin1, linailinda jeni yake mama: ukiliharibu gofu, panya anazaliwa na figo mbovu na mifupa iliyopinda. Nikawa nasema hata maiti wana kazi. Watu walipenda. Nilipenda walivyopenda.

Mwaka 2006 kundi jingine lilipima upya. Gofu lile halitoi RNA kabisa. Limezimwa. Haliilindi jeni mama wala chochote. Mimi nilijua hilo miaka mingi baadaye, kwa bahati, na sikuwahi kurudi kwa wale niliowaambia. Sasa nimerudi.

Magofu mengi ni magofu. Yanakaa, yanaoza, basi.

Na mengine siyo tu kwamba hayasaidii, yanadhuru. Jeni CYP21A2, inayohitajika kutengeneza homoni za tezi iliyo juu ya figo, iko jirani kabisa na gofu lake. Zinafanana mno, kiasi kwamba seli wakati mwingine huchanganya na kunakili makosa ya gofu na kuyaweka kwenye jeni nzima. Mtoto anazaliwa hatengenezi homoni hizo ipasavyo. Kuta za gofu zimemwangukia jirani aliye hai.

Baada ya kusema hayo, kuna mawili siwezi kuyaruka.

La kwanza ni tembo. Yeye na jamaa zake, pimbi na nguva, walirithi nakala za ziada za jeni iitwayo LIF, nyingi zikiwa zimekufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza 2018 kwamba kwa tembo nakala moja, LIF6, imepata swichi mpya. DNA ya seli ikiharibika, LIF6 inawashwa na seli ile inauawa kabla haijawa saratani. Mnyama mkubwa vile, mwenye seli nyingi vile, na saratani humpata kwa nadra.

La pili ni XIST. Mwanamke kwa kawaida ana kromosomu X mbili, na katika kila seli moja lazima inyamazishwe. Kazi hiyo inafanywa na XIST, ambayo haitengenezi protini, inatoa RNA tu inayoifunika X nzima. Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba sehemu ya XIST imetokana na jeni ya zamani ya protini, Lnx3, iliyokufa. Kwa kuku Lnx3 bado ni jeni ya kawaida na inafanya kazi yake ya kawaida. Kwetu ilibomoka, na mawe yake yakajengewa nyumba ambayo bila hiyo binti hazaliwi.

Nilisoma ile ya XIST mara tatu. Halafu nikaangalia tarehe, nikatafuta kama kuna waliopima upya. Nimeshajifunza.

## Barazani tena

Jumamosi iliyopita nilikuwa Muheza. Mguu umepona, mjomba anavaa kandambili bila kuchechemea. Nilimwambia kwamba kuna dawa ya gauti sugu, ilikubaliwa Marekani mwaka 2010, ambayo ni yurikezi yenyewe anayochomwa mgonjwa kwenye mshipa, na kwamba mchoro wake umechukuliwa kwa sehemu kutoka kwa nyani. Sehemu kubwa zaidi imechukuliwa kwa nguruwe. Hiyo niliimeza. Dawa inatengenezwa na bakteria, nguruwe hahusiki, lakini maelezo hayo yangetufikisha magharibi.

"Yaani wanakula mahindi yangu halafu nikawaombe dawa," akasema.

Mkewe akatoka na sinia: wali, mchicha, samaki wa kupaka. Maini hayakuwepo. Jogoo akapita chini ya kigoda, akaacha alama yake sakafuni, nyeusi yenye weupe juu. Nikamwonyesha mjomba. Ule weupe ndio asidi ya yuriki. Ndege nao hawana yurikezi, wanaitoa asidi hiyo ikiwa ugoro ugoro, na kuku huugua gauti kama watu.

Akainama kuutazama, jambo ambalo mwezi mmoja nyuma asingeliweza.

"Kumbe tuko wengi," akasema, akanawa mikono.